Akili Hutangulia Viungo
Mwaka 1993 iligunduliwa jeni ya ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole na ambao kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kuurithi, baada ya mwanasaikolojia Nancy Wexler wa Marekani na wenzake kuzichunguza kwa miaka mingi koo za Ziwa Maracaibo, Venezuela. Utambuzi, yaani uwezo wa kufikiri, kupanga na kuamua, mara nyingi hulegea miaka kadhaa kabla ya viungo kuchezacheza bila hiari, hivyo mfanyabiashara wa Tunduma, mji wa Tanzania ulio mpakani na Zambia, anayeanza kukosea hesabu za kwacha, fedha ya Zambia, huweza kuitwa mlevi au, vibaya zaidi, aliyerogwa. Kipimo cha utambuzi cha IDEA, kilichobuniwa wilayani Hai, kaskazini mwa Tanzania, kwa wazee, wakiwemo wasiojua kusoma, hutumia njiti za kiberiti. Kikirekebishwa kwa wagonjwa wenye umri mdogo, kingeufaa mji wa Vwawa, ulio mkoa mmoja na Tunduma, kuliko majaribio ya kalamu na karatasi.