Safari za Viongozi na Haki ya Kuuliza

(Mada iliyotolewa Ipelele baada ya Sala ya Ijumaa)

 

Ndugu Waislamu, Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporejea akahesabiwa. Akasema fungu hili ni lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akamuuliza: lau angelikaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingelimfuata? Kisha akapanda mimbari akalieleza jambo hilo mbele ya watu. Imo katika Bukhari na Muslim. Basi hesabu ya safari ya mtumishi wa umma haikufanywa chumbani.

Hapa Tanzania, tarehe 20 Novemba 2015, hayati Rais John Magufuli alipolizindua Bunge mjini Dodoma, alieleza kuwa katika miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15 safari za nje zilitumia shilingi bilioni 356.3. Tiketi za ndege peke yake zilichukua bilioni 183, na posho za kujikimu bilioni 104. Akasema fedha hizo zingetosha kilomita 400 za lami. Kutoka Njombe hadi Makete ni kilomita 107 hivi. Wenye kupeleka viazi sokoni wafanye hesabu wenyewe.

Lakini hesabu ile tuliipata kwa kuwa Rais alipenda kuisema. Asingelisema, nani angeliuliza? Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Raia huiandikia ofisi ya umma akitaja anachotaka, nayo hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ikikataa itoe sababu, naye aombe mapitio kwa mkuu wa taasisi. Yapo yanayozuiliwa, kama usalama wa taifa. Ila nauli ya aliyekwenda semina, kwa maoni yetu, si siri ya jeshi.

Sisi huishia kunong'ona barazani baada ya Isha: "Wanakula hawa!" Hiyo ni dhana, na baadhi ya dhana ni dhambi. Aulizaye kwa barua amejiepusha na kusengenya. Wengine wanaogopa, na hatusemi hofu yao imezuka bure.

Nasi tulionja. Kamati ilitutuma Makambako kununua mabati ya madrasa. Tuliporudi, mzee mmoja akatuuliza nauli ilikuwa kiasi gani na chenji iko wapi. Tulikasirika sana. Usiku tukafungua daftari, tukakuta shilingi 4,000 hatuwezi kuzieleza. Tukazilipa.

Leo baada ya Magharibi tutakuwapo madrasa na karatasi. Anayetaka kuiandikia halmashauri aje: nani alisafiri mwaka wa fedha uliopita, wapi, siku ngapi, kwa kiasi gani, na ripoti ya safari iko wapi. Asiyejua kuandika tutamwandikia, ila jina litakuwa lake. Barua ya kwanza itakuwa na jina letu.