Buffalo: Chuo kikuu kikihamia nje ya mji, nani hulipa gharama?

Msikilizaji, abiria anayeshuka kwenye kituo cha mwisho cha treni ya mjini Buffalo, magharibi mwa jimbo la New York nchini Marekani, hujikuta mbele ya majengo ya zamani ya chuo kikuu, kando ya barabara ya Main. Kituo hicho kinaitwa University, na mitaa inayokizunguka imo katika wilaya ya baraza la mji yenye jina hilo hilo. Hata hivyo, mwanafunzi wa uhandisi akifika hapo safari yake bado haijakwisha. Humbidi apande basi hadi Amherst, umbali wa kilomita 5 hivi, kwenye kampasi kubwa zaidi ya chuo hicho hicho. Amherst si sehemu ya mji wa Buffalo. Ni halmashauri jirani yenye uongozi wake, kodi zake na kanuni zake za ujenzi.

Kwa nini reli ikomee karibu na mpaka, ilhali chuo kinaendelea upande wa pili? Jibu ni la kisiasa, na linaanzia zaidi ya nusu karne iliyopita.

Chuo Kikuu cha Buffalo kilianzishwa mwaka 1846 kikiwa chuo cha binafsi, na mwaka 1962 kikaingizwa katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo la New York. Wanafunzi wakawa wanaongezeka kwa kasi, na kampasi ya barabara ya Main ikawa haitoshi. Hapo yakashindana mapendekezo mawili. La kwanza lilitaka kampasi mpya ijengwe katikati ya mji, karibu na ufukwe wa Ziwa Erie, ili fedha za serikali ziutie nguvu mji uliokwisha kuanza kudhoofika. La pili lilielekeza Amherst, ambako ardhi wazi ilikuwa tele. Baada ya mabishano makali katika miaka ya 1960, Amherst ikashinda, na chuo kikapata eneo la zaidi ya ekari 1,000.

Kwa wasikilizaji wa Dar es Salaam, kisa hicho hakitakuwa kigeni. Chuo kikuu chao kilianza mwaka 1961 katika jengo la mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani, mahali palipoonekana wakati huo kuwa mbali na mji. Lakini Dar es Salaam ilikuwa inakua. Ilikuwa na watu wasiozidi 300,000 katika sensa ya mwaka 1967, na ilipofika sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na zaidi ya milioni 5. Mji ukakifuata chuo, ukakizunguka kwa nyumba za Sinza, Mwenge na Changanyikeni, na leo hakuna anayeweza kusema kwamba Mlimani ni nje ya mji.

Mambo ya Buffalo yalikwenda kinyume. Mwaka 1950 mji huo ulikuwa na wakazi 580,132. Kufikia mwaka 2010 walikuwa wamebaki 261,310. Biashara ya bandari ilipungua baada ya njia ya meli ya mto St. Lawrence kufunguliwa mwaka 1959, na viwanda vya chuma navyo vikafifia. Wakati huo huo serikali kuu ilikuwa ikidhamini mikopo ya nyumba mpya za viungani, mikopo ambayo kwa miaka mingi Wamarekani weusi walinyimwa, na kujenga barabara kuu za kuwafikisha huko wenye magari. Barabara mojawapo ilipasua Humboldt Parkway, njia pana iliyopambwa kwa miti, na kukata vipande viwili makazi ya watu weusi wa upande wa mashariki.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Eneo zima la Buffalo halikuongezeka watu kwa kiasi cha kuhitaji mji mpya. Mji ulitanuka bila kukua. Kwa hiyo nyumba mpya iliyojengwa Amherst haikuwa nyongeza tu, bali mara nyingi ilimaanisha kwamba nyumba ya zamani mjini imebaki tupu. Idadi ya watu wa Amherst ilipanda kutoka takriban 34,000 mwaka 1950 hadi karibu 130,000 mwaka 2020. Buffalo nayo, mwaka 2007, ilitangaza mpango wa kubomoa nyumba 5,000 zilizotelekezwa katika muda wa miaka 5.

Je, nyumba zikiwa tupu, kodi haishuki? Hushuka, lakini unafuu huo una kasoro zake. Mabomba, mifereji na barabara vilivyojengwa kwa ajili ya zaidi ya nusu milioni ya watu bado vinahitaji matengenezo, na wanaolipia ni wachache waliobaki. Mpangaji anaweza kupata nyumba ya bei nafuu, lakini kama kazi imehamia viungani, kile alichookoa kwenye kodi hukitumia kwenye gari na mafuta yake. Na katika mitaa iliyo karibu na kampasi ya zamani, familia hushindana na wanafunzi. Wanafunzi wanne wakichangiana nyumba moja, kila mmoja akilipia chumba chake, hufikisha kiasi ambacho familia yenye mshahara mmoja haikiwezi.

Reli ingeweza kuziba sehemu ya pengo hilo. Mipango ya awali ilikusudia kuifikisha Amherst, lakini fedha zilipopungua ikafupishwa, na treni ilipofika kituo cha University mwaka 1986, ikaishia hapo. Mkoa wa Erie, ambamo Buffalo na Amherst zimo, una halmashauri 44. Kila moja hutegemea kodi ya majengo yake na huamua yenyewe nani ajenge nini na wapi.

Mwaka 2017 Buffalo ilianza kutumia kanuni mpya za ujenzi na kufuta sharti la kila jengo kuwa na idadi maalumu ya maegesho ya magari, hatua iliyokusudiwa kurahisisha ujenzi wa nyumba zinazokaribiana. Lakini kanuni hizo zinaishia kwenye mpaka wa mji. Mwaka huo huo shule ya udaktari ya chuo hicho ilirudi katikati ya mji, kwenye jengo lililojengwa juu ya kituo cha treni. Wengi walishangilia. Hata hivyo, wakazi wa mtaa jirani wa Fruit Belt, wengi wao Wamarekani weusi, walihofia kwamba ardhi ingepanda bei na wao wangesukumwa nje. Wakaunda chombo cha kumiliki ardhi kwa pamoja ili nyumba zisiwaponyoke.

Sensa ya mwaka 2020 ilileta habari ambayo Buffalo haikuwa imeisikia kwa miaka 70: idadi ya watu imeongezeka, ikafikia 278,349. Miongoni mwa walioijaza upya mitaa hiyo ni wakimbizi kutoka Burma, Somalia na Kongo, na leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazozungumzwa mjini humo. Wengi walipelekwa Buffalo kwa sababu, pamoja na mengineyo, nyumba zake zilikuwa rahisi. Sasa kodi zinapanda, na wao ni miongoni mwa watakaoumia mapema.

Funzo la Buffalo, basi, ni kwamba bei ya nyumba haiamuliwi na mwenye nyumba peke yake. Huamuliwa pia siku serikali inapochagua mahali pa kujenga chuo, barabara au reli. Uamuzi huo huchukua miaka michache. Wanaoulipia, kwa kodi na kwa nauli, ni wapangaji wa vizazi vinavyofuata, ambao hawakuwapo kuulizwa.