Dhara Dogo na Dhara Kubwa: Mada kwa Waganga na Wapelelezi wa Mkoa wa Tanga



Ugomvi uwe wa diko la samaki Pangani au wa shamba la mkonge Muheza, jalada la kujeruhi hutegemea karatasi moja: PF3, fomu ya polisi ya kumpima majeruhi. Mganga huijaza siku ileile, majeruhi angali anavuja damu. Hoja yangu ni kwamba damu haipimi uzito wa dhara.

Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, dhara ni maumivu, ugonjwa au hitilafu yoyote ya mwili, ya muda au ya kudumu. Huwa kubwa likilemaza kiungo, likihatarisha maisha, likiharibu afya vibaya, likiacha sura imeharibika daima, au likiumiza vibaya kiungo cha nje, cha ndani au mlango wa fahamu. Shambulio la kawaida lina kifungo kisichozidi mwaka 1, la kudhuru mwili miaka 5, dhara kubwa miaka 7. Ikithibitika mtu alikusudia kulemaza, anaweza kufungwa maisha, hata kama jeraha lenyewe limepona vizuri.

Kabla ya 1930, Tanganyika ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India, iliyoorodhesha madhara makubwa moja moja: jino kuvunjika lilikuwamo, na maumivu makali ya siku 20 pia. Ilikuwa rahisi kuhesabu, lakini jino na jicho viliwekwa kapu moja. Naona tulifanya vyema kuiacha orodha ile. Ila mzigo umehamia kwenye kalamu ya mganga.

Chukueni wavuvi wawili. Wa kwanza amepigwa panga kichwani, shati zima limelowa. Anashonwa, baada ya wiki chache yuko baharini. Wa pili ana kovu dogo kiganjani, lakini kano zimekatika: vidole havikunjiki, hashiki mshipi wala havuti nyavu. Ni rahisi mno wa kwanza kuandikiwa dhara kubwa na wa pili dogo. Vivyo hivyo kofi lililopasua kiwambo cha sikio, pasipo tone la damu, mtu akabaki kiziwi.

Kwa hiyo, mganga, neno "kubwa" peke yake halitoshi. Maoni yako hayamfungi hakimu. Yeye anahitaji kujua kina cha jeraha, kilichokatika, na kama kiungo kinafanya kazi.

Wazee wetu husuluhisha, na sheria inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida. Lakini jicho lililopofuka si la kumalizwa barazani kwa fidia.

Mganga, mpe majeruhi tarehe ya kurudi kupimwa tena. Mpelelezi, usifunge jalada kabla ya majibu hayo, na hati ya mashtaka ikiwa haifanani nayo, mwombe mwendesha mashtaka airekebishe kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani.