Mwimbaji Baada ya Wimbo

Leo twataka kuzungumza hasa na waimbaji wa kwaya zetu. Lakini wewe usiyeimba usiizime redio yako, kwa maana kabla ya kuagana tuna neno lako pia.

Kwanza twawashukuru waimbaji. Twaijua kazi yao. Jumamosi alasiri, wakati wengine wamekwenda sokoni au wamepumzika, wao wako kanisani wakirudia mstari mmoja mara kumi, mpaka sauti zote nne zikubaliane. Penye mazishi wao hufika mapema na kuondoka mwisho. Penye arusi huimba wakiwa na njaa. Na mara nyingi nauli hutoka mifukoni mwao wenyewe.

Kazi hii ina heshima tangu zamani. Katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 25 twasoma kwamba Daudi aliwatenga wana wa Asafu, wa Hemani na wa Yeduthuni kwa kazi ya kuimba nyumbani mwa Bwana. Hesabu yao ilikuwa watu 288, waliogawanywa katika zamu 24, watu 12 kila zamu. Nao walipigiwa kura, mkubwa sawa na mdogo, mwalimu sawa na mwanafunzi. Hakuna aliyejichagulia zamu kwa sababu sauti yake ni tamu kuliko ya mwenzake. Walikuwa Walawi, yaani watumishi. Basi mwimbaji wa kwaya si pambo la ibada. Ni mtumishi, na kila mtumishi ataulizwa habari za utumishi wake.

Sasa tufungue Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na Sila walikuwa katika mji wa Filipi. Walipigwa kwa fimbo hadharani, wakatiwa katika chumba cha ndani cha gereza, na miguu yao ikafungwa. Usiku ulipokuwa mwingi waliomba na kumwimbia Mungu, na wafungwa wengine wakawasikiliza. Kwaya hiyo ilikuwa ya watu wawili, bila sare, bila kinanda, na migongo yao ilikuwa na vidonda. Ghafula nchi ikatetemeka, milango yote ikafunguka, na vifungo vya wote vikalegea.

Hapo ndipo twaomba mwimbaji asikilize kwa makini. Je, yule mlinzi wa gereza aliamini lini? Wakati wa wimbo alikuwa amelala! Maandiko yasema kwamba aliamka na kuiona milango i wazi. Akauchomoa upanga ajiue, kwa kuwa alidhani wafungwa wamekimbia. Alijua yatakayompata, walinzi waliopotewa na Petro waliuawa kwa amri ya Herode, kama tusomavyo katika sura ya 12. Ndipo Paulo akapaza sauti kumzuia asijidhuru, akamhakikishia kwamba wote wangali mle ndani. Mlinzi akaitisha taa, akaingia akitetemeka, akauliza afanye nini apate kuokoka. Usiku ule ule akawaosha majeraha yao, akabatizwa yeye na watu wake wote.

Mnaona, ndugu? Wimbo aliukosa, lakini mwenendo aliuona. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyewazuia, lakini waimbaji hawakutoka. Hilo ndilo lililomfanya mtu yule atake kumjua Mungu wao.

Katika kila mtaa wako watu waliolala kama mlinzi huyo. Hawaji kanisani. Nyimbo zenu hawazisikii, na wakizisikia garini huzungumza juu yake. Lakini wanawaona ninyi siku ya Jumatatu. Wanatazama mtafanya nini mlango utakapokuwa wazi na hakuna mtu wa kuwazuia. Tuitaje michache ya milango hiyo.

Mlango wa kwanza ni ule wa kanisa lenyewe. Ziko kwaya ambazo zikimaliza kuimba, waimbaji hutoka mmoja mmoja, na mhubiri akisimama wao wako chini ya mti na simu zao. Wamewatayarisha watu kulisikia Neno, kisha wao wenyewe wamelikimbia. Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, aliambiwa kwamba watu walimwona kama mwimbaji mwenye sauti nzuri: walifurahi kumsikia, lakini hawakutenda aliyoyasema. Ikiwa ni vibaya kusikia bila kutenda, basi itakuwaje kwa yule aimbaye naye hataki hata kusikia?

Mlango wa pili ni wa fedha. Kwaya hukusanya michango ya sare, ya safari, na ya kurekodi nyimbo. Siku hizi michango hiyo hutumwa kwa M-Pesa, mara nyingi katika simu ya mtu mmoja. Fedha za kwaya zikilala pamoja na fedha za unga wa nyumbani, mlango u wazi sana. Heri mweka hazina asomaye hesabu mbele ya wenzake kila mwezi bila kungoja kuulizwa.

Na fedha za jirani je? Tuseme yuko mama auzaye maziwa, na mwimbaji mmoja amekunywa maziwa yake miezi miwili bila kulipa. Kila akidaiwa husema, "Kesho, mama." Kisha mume wa mama huyo afariki. Kwaya yaja matangani, na mwimbaji yule asimama mstari wa mbele, akiimba habari za mji usio na machozi. Mama ainua macho, amwona. Je, atausikia wimbo, au atalisikia deni? Huenda siku ile ndiyo aliyohitaji faraja kuliko siku zote za maisha yake, na mtu aliyetumwa kumletea ndiye aliyeiziba njia. Mungu alisema kwa kinywa cha nabii Amosi, katika sura ya 5, kwamba hataki kelele za nyimbo za watu wanaowakandamiza maskini. Wimbo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mikono ya waimbaji.

Tena ziko kwaya zinazochukua wimbo wa mtunzi mwingine, zikaurekodi na kuuuza bila hata kumwomba ruhusa. Husema, "Wimbo ni wa Mungu." Naam, sifa ni za Mungu, lakini jasho ni la mtu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi, hata akiwa mzee wa kijijini asiyeijua njia ya mahakamani. Mkristo asingoje sheria imfundishe kuomba ruhusa.

Mlango wa tatu ni wa usiku. Kwaya huenda makesha, husafiri mbali, hulala katika nyumba za wageni. Mama amemruhusu binti yake aende kwa sababu ameambiwa ni safari ya kanisa. Mwalimu wa kwaya, umekabidhiwa mtoto wa mtu! Asije nyumbani kwako peke yake kwa mazoezi. Safarini wawepo akina mama wa kuwatunza wasichana. Na mtoto akitendewa ubaya, jambo hilo lisifunikwe ili kulinda jina la kwaya. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ipo, na kanisa halina ruhusa ya kumficha mkosaji chini ya joho lake. Jina la kwaya laweza kujengwa tena, lakini mtoto aliyenyamazishwa huenda asiuamini wimbo wowote tena.

Mlango wa nne uko midomoni. Waimbaji wawili wasimama benchi moja, sauti zao zinapatana vizuri sana, na hawajasalimiana tangu Pasaka. Mmoja alipewa kuanzisha wimbo, mwenzake hakupewa, na maneno yakaanza. Bwana wetu alifundisha, katika Mathayo sura ya 5, kwamba mtu aletaye sadaka akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale, aende kwanza kupatana naye. Wimbo ni sadaka. Yafaa basi uache kitabu cha nyimbo kitini, uende ukamtafute mwenzako.

Labda yuko mwimbaji asikiaye haya na moyo wake unamchoma. Anasema, "Mimi niliupita mlango zamani. Je, niache kuimba?" Ndugu, dada, iko tofauti kubwa kati ya mtu aliyeanguka akalia na mtu anayeanguka na kuificha dhambi ndani ya sare. Daudi mwenyewe, mwimbaji mkuu wa Israeli, alianguka vibaya. Lakini Nathani alipomwambia ukweli alikiri, hakumfukuza nabii. Nenda ukamwambie mchungaji wako. Kama ulichukua, rudisha, kama Zakayo alivyorudisha. Kama una deni, lipa hata kidogo kidogo. Huenda ukaambiwa ukae benchi la nyuma kwa muda. Kaa, kwa maana kukaa huko si kutupwa. Nanyi mlio katika kwaya, someni Wagalatia sura ya 6, ambapo Paulo ataka aliyeanguka arudishwe kwa upole, na kila mmoja akijiangalia nafsi yake.

Sasa neno kwako wewe usiyeimba. Nehemia aliporudi Yerusalemu, kama tusomavyo katika sura ya 13, alikuta Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mtu shambani kwake, kwa kuwa sehemu zao hawakupewa. Hakuwagombeza waimbaji kwanza, aliwagombeza wakuu. Ukipenda kwaya iwe safi, usiipigie makofi tu. Uliza nauli imetoka wapi. Toa gari lako kijana afike nyumbani salama baada ya kesha. Tena usimsifu mwimbaji mpaka asahau amemwimbia nani. Waombee kwa majina yao, kama unavyomwombea mchungaji.

Nanyi waimbaji, tunawapa kazi ndogo ya juma hili. Mtakapokutana kwa mazoezi, kabla ya kutafuta sauti, kaeni kimya kwa dakika kumi. Mwenye neno na mwenzake amwendee. Mwenye fedha za wote azitaje. Mwenye deni kwa jirani aazimie siku ya kulipa. Kisha simameni, mwimbe. Huenda sauti zisiwe nzuri kuliko za juma lililopita, lakini mama yule wa maziwa ataweza kuwasikia.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyewasikia Paulo na Sila gerezani, tunakushukuru kwa kwaya zetu. Wape waimbaji wetu moyo wa kukaa pale ulipowaweka, hata mlango ukiwa wazi na hakuna awaonaye ila wewe. Wainue walioanguka. Wafariji walioumizwa na watu waliokuimbia. Mwamshe kila mlinzi aliyelala katika mitaa yetu, na akiamka atukute tungali ndani. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.