Andikeni Mliyoyaona: Hotuba kwa Wahitimu wa Kanyangi



Wahitimu wa Kanyangi, nawapa hongera kutoka moyoni. Kule vyuoni mlikotoka mmekwisha kupewa mamlaka ya kusoma na kutenda yote yaipasayo shahada. Leo mmekuja nyumbani ili waliolipa karo waione kazi ya fedha zao. Nimefundisha chuo kikuu miaka mingi, na nimekaa kwenye jukwaa la mahafali nikisikia wahitimu wakiambiwa wajiajiri, wawe wabunifu, waheshimu wazazi. Yote ni kweli, na wenzangu watakaonifuata hapa watayasema. Mimi nina ombi moja tu: andikeni mliyoyaona chuoni, na waandikeni waliowafikisha huko.

Nianze na jirani yetu. Kutoka hapa kwenda Kwa Vonza si safari ya kulala njiani, na eneo bunge letu ni moja. Pale pana Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, SEKU, ambako baadhi yenu mmehitimu. Mwaka 2008 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwezi wa Machi 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Hayo yameandikwa na hayatapotea. Lakini kabla ya hapo ardhi ile ilikuwa ya Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, UKAI kama wazee walivyozoea kuiita, mojawapo ya taasisi zilizoasisiwa kwa moyo wa harambee baada ya uhuru. Harambee za siku zile hazikuwa za bahasha. Mtu alileta mbuzi, mwingine kuku, mwingine debe la mahindi likapigwa mnada papo hapo. Wako wapi watu hao? Wengine wamelala makaburini, wengine huenda wameketi katika hema hili wakiwa wameshika bakora zao. Hakuna aliyewaendea na kalamu akawauliza: mzee, ulitoa nini, na ulipokitoa ulitarajia kuona nini? Tunacho chuo, lakini mawazo ya waliokitamani kabla hakijawa chuo hatuna, na kila msimu wa mvua unapopita tunapungukiwa na mmoja wa kumuuliza.

Jambo hili linaniuma, nami sitalificha.

Sisi watu wa Kitui hatuna kisingizio, maana tulikuwa na mtu aliyetuonyesha njia. John Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931. Alisoma Makerere, akaenda ng'ambo, na mwaka 1963 akapata shahada ya uzamivu Cambridge. Msomi wa kiwango hicho angeweza kuandika maisha yake yote juu ya fikra za Wazungu, na vyuo vingempokea. Yeye alizikusanya hadithi za Wakamba, zile zinazosimuliwa jikoni moto ukiwaka, akazichapisha kitabuni mwaka 1966. Alirudi Makerere kufundisha, na mihadhara aliyowapa wanafunzi wake ikazaa kile kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ambacho mpaka leo husomwa duniani kote. Uzeeni, akiishi Uswisi, bado alikuwa akihangaika na Kikamba, akalitafsiri Agano Jipya moja kwa moja kutoka Kigiriki. Alifariki mwaka 2019. Ninachotaka mkione kwa Mbiti si umaarufu. Alichukua maneno ya watu wasiokuwa na vyeti akayaheshimu kiasi cha kuyaweka katika meza moja na ya wanafalsafa. Wanawake na wazee waliomsimulia, wa Mulango na kwingineko, walikuwa walimu wake sawa na maprofesa wa Cambridge.

Mwingine ni mama yetu Wangari Maathai. Wengi wanamfahamu kwa miti na kwa tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Lakini wasichana, kisomeni kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 2006, hasa kurasa za chuo kikuu. Anaeleza alivyorejea Nairobi mwaka 1966 akiwa na barua ya kazi mkononi, kufika akaambiwa kazi amepewa mwingine. Anaeleza jinsi wahadhiri wanawake walivyonyimwa marupurupu waliyopewa wenzao wa kiume, na jinsi yeye na mwenzake walivyopigania haki hiyo. Anaeleza alivyoacha kazi mwaka 1982 ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, aliporudi kuomba kazi yake akanyimwa, na nyumba ya chuo akatakiwa kuihama. Kama asingeandika, ni kijitabu gani cha mahafali kingetueleza hayo? Kijitabu cha mahafali hutaja jina na shahada. Binti anayeajiriwa leo chuoni akapata marupurupu yake bila kubishana na mtu, anafaidi vita asivyovijua, na asiyevijua hatajua jinsi ya kuvilinda vilivyopatikana.

Ndiyo maana nawasihi, mkiandika, msiandike sifa tupu. Kumbukumbu hupenda kujipamba. Ukikaa miaka kumi utakumbuka kwaya, safari na picha za siku ya kuvaa joho, usahau njaa. Andika njaa. Andika muhula ambao mkopo wa HELB ulichelewa, mkawa watu wanne mnachangiana sufuria moja ya uji asubuhi na kuruka chakula cha mchana. Andika alama zilizopotea. Na hapa naona nyuso zimebadilika, maana wapo mliokaa mwaka mzima mkizunguka kutoka ofisi hii hadi ile mkitafuta alama ya mtihani mliofanya na kuusaini. Andika kuhusu mwenzenu aliyeacha masomo kimya kimya, chumba kikafungwa, na wiki iliyofuata kitanda kikapewa mwingine. Binti aliyesumbuliwa na mwalimu wake naye aandike; akiogopa leo, aandike aweke, siku itafika. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, na nasema mbele yenu kwamba vyuo vyetu vinahitaji kusikia mambo haya kutoka kwa walioyapitia.

Andikeni pia Machi 2020, korona ilipoingia na vyuo vikafungwa kwa miezi mingi. Vijana wa mijini walihudhuria masomo sebuleni. Hapa kwetu kulikuwa na wanafunzi waliotembea kutafuta mahali palipoinuka ambapo mtandao unashika, wakaketi chini ya mti na simu ya mkononi, mhadhara ukikatika kila dakika na vocha ikiisha kabla mwalimu hajamaliza. Kikao cha namna hiyo ni darasa la chuo kikuu, na ni sehemu ya historia ya elimu ya Kenya. Wanaounda sera za masomo ya mtandaoni wamekaa Nairobi. Ule mti wataujua vipi?

Kuna ushuhuda mwingine unaotolewa kwa machozi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Barabara ya kwenda Garissa inapita Mwingi, ndani ya kaunti yetu hii. Kuna msichana aliyejificha kabatini siku mbili na zaidi, hata alipofikiwa na waokoaji akawa hawaamini. Tunayajua hayo kwa sababu alikubali kusema. Waliouawa hawawezi kusema. Waliosoma nao, waliolala nao chumba kimoja, ndio pekee wanaojua nani alipenda kuimba, nani alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Hakuna ripoti ya serikali itakayoyabeba hayo.

Sasa niwageukie watu ambao huwa hatuwataji.

Jamii ya chuo si wanafunzi na wahadhiri peke yao. Pale nje ya lango kuna mama wa kibanda. Nimemwona mmoja kwa macho yangu: meza ya mbao, sufuria ya muthokoi, chapati zimefunikwa kwa kitambaa, na kando yake daftari la madeni lenye jalada lililolowa mafuta. Hakuandika majina ya ukoo. Aliandika kama anavyowajua: "kijana wa kilimo, mrefu", "yule wa Kanyangi". Aliwalisha vijana kwa ahadi ya mdomo mpaka mkopo uingie. Kuna mlinzi wa usiku aliyewafungulia mkitoka maktaba saa sita. Kuna mfagiaji anayejua ni chumba kipi mwenye nacho analia. Waulizeni hao kuhusu chuo. Watawaambia mambo ambayo seneti haijapata kuyajadili.

Halafu kuna kitabu cha mchango. Nyumba nyingi hapa mnacho, mmekitupia juu ya kabati au ndani ya sanduku la bati. Ni daftari la shule la kawaida, limepigwa mistari kwa rula: jina upande huu, kiasi upande ule. Juu kabisa ameandikwa chifu au diwani na elfu zake. Teremka. Utakuta kanisa, kikundi cha mwethya, mwalimu mstaafu. Teremka zaidi, utafika kwa bibi fulani, na mbele ya jina lake hakuna shilingi; kumeandikwa "ndengu, kilo mbili". Mwaka ule mvua haikunyesha vizuri. Kilo mbili zile zilikuwa mbegu au zilikuwa chakula. Mwingine ameandikwa "kiondo kimoja", na kila mama aliyeketi hapa anajua ni jioni ngapi za kusokota mkonge na kusuka zimo ndani ya kiondo hicho. Mhitimu, daftari hilo ni waraka wa chuo kikuu sawa na cheti chako. Msilitumie kuwashia moto. Lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, kisha mwendeeni kila aliyetajwa angali hai.

Mtaniuliza, tuandike kwa lugha gani? Andikeni kwa lugha inayowatoka bila kusukumwa. Bibi akisema kwa Kikamba, mwandikeni kwa Kikamba, tafsiri itafuata. Na mtu asiniambie hana kipaji cha kuandika. Simu mliyo nayo mfukoni inarekodi sauti. Mtaje tarehe, mtaje mahali, mumwombe ruhusa msimuliaji, na asiyetaka jina lake litokee, lifichwe. Mkimaliza, nakala moja ibaki nyumbani na nyingine ipelekwe maktaba ya chuo mlichosoma. Wakutubi wetu watafurahi kupokea.

Najua Jumatatu wengine mnapanda gari kwenda Nairobi kutafuta kazi, wengine Mombasa, na wengine mmeshaanza kuulizia Ghuba. Nendeni salama. Lakini mna leo jioni na kesho. Wageni wakishaondoka na viti vikikusanywa, mwombeni mama au baba au nyanya daftari lile, mkae naye, mumwachie aseme, na msimkatize. Anzeni na swali hili: siku ile barua ya chuo ilipofika, mlikuwa na shilingi ngapi nyumbani?