Baraza ya Mbao Juu ya Nguzo

Leo nataka kusema nanyi habari za baraza ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, kazi ifaayo sana katika nchi ya Rungwe. Kila aliyefika Tukuyu ajua ya kuwa mahali pa tambarare huko ni pachache. Nyumba nyingi zimesimama katika miteremko, na mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mtu akitaka mahali pakavu pa kuketi mbele ya nyumba yake, ama ajaze udongo, na mvua huuchukua tena, ama asimamishe nguzo na kutandika mbao juu yake. Njia hii ya pili ni njema, lakini ina sharti lake: hesabu itangulie msumeno.

Swali la kwanza ni hili: baraza itabeba uzito gani? Msiwahesabu watu wa nyumbani peke yao. Fikirini siku ya msiba au ya arusi, mvua inyeshe ghafula, na wageni wote wakimbilie barazani. Tuseme baraza ni ya futi 12 kwa futi 8, na watu 30 wamesimama juu yake. Kila mmoja akiwa na kilo 65, jumla yake ni kilo 1,950, yaani karibu magunia 20 ya mahindi yenye kilo 100 kila moja. Tena gunia hutulia lilipowekwa, bali watu hutembea, hucheza, na husongamana ukingoni ili watazame njia. Baraza ikianguka siku hiyo, watakaoumia ni wageni wetu.

Sasa tufuate safari ya uzito huo. Mbao za sakafu huupeleka kwa boriti, boriti kwa mihimili, mihimili kwa nguzo, na nguzo kwa ardhi. Kimoja kikiwa dhaifu, nguvu za vingine ni bure. Kwa hiyo mpango hufanywa kutoka juu kwenda chini, ingawa ujenzi huanza chini.

Tuanze na boriti. Ubao wa inchi 2 kwa 6 ukilazwa, hupinda upesi. Ukisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, hubeba uzito mara 3, na kwa mzigo ule ule hupinda sehemu moja tu kati ya 9. Ninyi wanafunzi mwaweza kujaribu kwa rula: ilazeni juu ya vitabu viwili mkaibonyeze katikati, kisha isimamisheni mkaibonyeze tena. Ubao ni ule ule, bei ni ile ile. Tofauti ni jinsi ulivyowekwa.

Urefu usioegemezwa nao una hesabu yake. Nafasi kati ya mihimili ikiongezwa mara 2, boriti hupinda mara 8 kwa mzigo ule ule uliowekwa katikati. Wajenzi wa zamani wa Lamu na Unguja walilijua jambo hili. Boriti zao zilikuwa miti ya mikoko, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba zao za mawe ni vyembamba, yapata mita 2 na nusu hadi 3. Waliupima mti kwanza, ndipo wakakipima chumba.

Basi kwa baraza yetu, tuweke mihimili miwili yenye urefu wa futi 12. Wa kwanza uwe karibu na ukuta wa nyumba, lakini usiuegemee, kwa maana ukuta wa matofali mabichi au wa mianzi na udongo haukujengwa kwa mzigo huo. Wa pili uwe futi 6 na nusu mbele yake, na boriti zichomoze futi moja na nusu. Kila mhimili uwe mbao mbili za inchi 2 kwa 6 zilizosimamishwa na kufungwa pamoja. Boriti zikae juu ya mihimili, zisining'inizwe kwa misumari. Kati ya boriti na boriti, toka katikati hata katikati, wekeni inchi 16. Futi 12 ni inchi 144, basi nafasi ni 9, lakini boriti ni 10. Wengi huisahau ile ya mwisho.

Chini ya kila mhimili zisimame nguzo 4, kila futi 4 nguzo moja. Zile kilo 1,950 zikigawanywa kwa nguzo 8, kila moja hupata kilo 244. Illa watu wakisongamana mbele, nguzo 4 za mbele zaweza kubeba karibu mzigo wote, yaani yapata kilo 490 kila moja. Hizo ndizo ndefu zaidi, kwa sababu ya mteremko. Kwa hiyo hapana budi kuzifunga kwa mbao za mshazari, zisije zikayumba.

Mwisho, ardhi. Udongo wa Rungwe umetokana na majivu ya milima ya moto, nao ni mwepesi. Chimbeni mpaka mpite udongo mweusi na kufika penye ugumu. Jengeni hapo kiguzo cha mawe na saruji kinachotokeza juu ya ardhi, wekeni kipande cha bati juu yake kuwazuia mchwa, ndipo msimamishe nguzo ya mti. Nguzo iliyozikwa huoza kwanza pale mti unapotokea ardhini. Kadhalika, chimbeni mfereji upande wa juu, maji ya mvua yasipite chini ya baraza.

Andikeni haya yote katika karatasi kabla ya kununua ubao mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki, na boriti iliyokatwa fupi hairefuki. Kwaherini.