Kabla hujachuma ua, uliza

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwelimishaji wetu wa afya mbele ya wanafunzi wa shule moja ya sekondari wilayani Lushoto, mkoa wa Tanga. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)

Nyie wa dirishani ingieni ndani, nafasi ipo. Leo sijaja na mtihani.

Najua wengi wenu mlipoona tangazo kwamba mtu wa afya anakuja kuzungumza juu ya maua mlidhani limekosewa. Mtu wa afya mmemzoea na ukimwi, malaria, mimba za utotoni. Hayo yapo na nitayarudia siku nyingine. Lakini mwaka jana klabu yenu ilianza kazi ya kuomba maua kwa watunza bustani wa hapa jirani, kuyakausha na kuyabandika kwenye karatasi mpaka yakawa picha. Nilikuja mara nne kuwaona, na nilitoka na mambo mengi ya afya kuliko ninayopata kwenye semina. Leo nataka niyaseme, hasa kwa nyie wa kidato cha kwanza mnaotaka kujiunga.

Kwanza kazi yenyewe. Ua la kukausha halichumwi asubuhi mapema wakati lina umande, wala mvua ikitoka kunyesha. Ngoja saa nne hivi, jua limeshakausha. Lilaze kati ya kurasa za gazeti la kawaida, siyo karatasi zile za kung'aa, maana hazinywi maji. Juu yake weka vitabu vizito au matofali. Siku za mwanzo badilisha magazeti kila siku, baadaye liache wiki mbili au tatu. Bogenvilia ndiyo rafiki wa anayeanza, kwa sababu ni nyembamba kama karatasi na rangi yake inadumu. Waridi lazima ulipasue petali moja moja, ukililaza zima litaoza katikati. Na lile ua jekundu kubwa la haibiskasi, mtaliona wenyewe, linageuka uji mweusi. Kila mwaka kuna mtu anabisha mpaka alijaribu.

Kazi hii siyo ya jana wala juzi. Uingereza alikuwako mama mmoja, Mary Delany, aliyezaliwa mwaka 1700. Mume wake wa pili alifariki mwaka 1768. Mama huyu, akiwa na miaka kama 72 hivi, alianza kukata karatasi za rangi vipande vidogo vidogo na kuvibandika juu ya karatasi nyeusi mpaka vinakuwa ua kamili. Alitengeneza karibu picha 1,000 kabla macho hayajamshinda, na leo zimehifadhiwa British Museum, London. Maua yenyewe ya kutazamia hakuyanunua. Aliletewa na marafiki wenye bustani, mengine yakatoka bustani ya Kew. Na nyuma ya picha alikuwa anaandika jina la mmea, tarehe, na mara nyingi aliyempa. Hilo la kuandika aliyekupa tuliliiga hapa. Nyuma ya kila picha ya klabu kuna jina la mtunza bustani. Nilimwona mama mmoja wa hapo chini akiigeuza picha mara tatu kutazama jina lake, kana kwamba mbele hakuna kitu.

Sasa nije kwa mzee wetu. Mwenyewe ameniruhusu nisimulie, ila jina nisilitaje.

Wenzenu watano walikwenda kwake siku ya Jumamosi. Wakamwamkia, akawaitikia vizuri. Wakaeleza haja yao. Mzee akacheka, akasema maua yapo, chumeni wanangu, tena yale ya kule mwisho ni mazuri zaidi kwa sababu jana nimeyapiga dawa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza, "Dawa gani, babu?" Swali dogo tu hilo. Mzee akaingia ndani akatoka na chupa ya soda.

Mnaelewa? Chupa ya soda, yenye lebo yake ya soda, na ndani kimiminika cha rangi ya chai. Alikuwa amepimiwa dukani, kwa sababu kopo zima ni ghali na bustani yake siyo kubwa. Hakujua inaitwaje. Kwake ilikuwa "dawa ya maua". Anaipuliza kwa bomba la mgongoni, mikono mitupu, shati la mikono mifupi, ndala miguuni. Na kila anapopuliza, jioni kichwa kinamuuma, macho yanatoa machozi, anatokwa jasho na kutema mate mengi. Alidhani ni jua au malaria. Alikuwa anakunywa vidonge vya kichwa, analala.

Ndipo akawaambia habari ya mjukuu wake. Dawa za namna hii ukizichanganya na maji nyingi zinageuka nyeupe, kama maziwa kabisa. Siku moja aliacha zilizobaki kwenye kikombe pembeni ya ndoo. Mtoto wa miaka mitatu akanywa funda. Majirani wakaja mbio, huyu anasema mtapisheni, yule anasema mpeni maziwa. Bahati nzuri kuna kijana alimpakia kwenye bodaboda pamoja na mama yake, wakawahi hospitali. Daktari akauliza amekunywa dawa gani. Hakuna aliyeweza kumjibu. Mtoto alipona baada ya siku kadhaa, yupo, mmemwona akikimbiza kuku. Lakini mzee alipofika pale pa "hakuna aliyeweza kumjibu" alinyamaza, na wenzenu nao wakanyamaza.

Hebu andikeni hili. Mtu akinywa dawa ya wadudu usimtapishe, maana ikipanda inaweza kuingia kwenye mapafu. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kupikia. Mvue nguo zilizolowa dawa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, na wewe mwenyewe jikinge mikono, kisha mkimbize hospitali mkiwa na kopo au lebo ya dawa ile. Lebo ndiyo inamwambia daktari aanzie wapi. Kama mmebaki na chupa ya soda, mmebaki na fumbo.

Turudi kwa wanafunzi. Siku ile hawakuchuma hata ua moja kule mwisho. Badala yake walikwenda na mzee mpaka dukani, wakaomba waone kopo kubwa ambalo dawa ilipimwa. Lebo ilikuwa kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mchwa. Yule msichana akasoma, mwenzake akatafsiri, mzee akasikiliza. Chini ya lebo kulikuwa na mstari wa njano. Mistari hiyo ina maana yake: mwekundu ni sumu kali sana, wa njano unafuata, halafu wa bluu, na wa kijani ndiyo nafuu. Nafuu nimesema, sikusema salama. Lebo ilisema vaa glavu, funika pua na mdomo, usipulize kuelekea upepo unakotoka, na imetaja muda wa kusubiri kabla watu hawajaingia bustanini. Mzee alisema miaka yote amekuwa akinunua dawa, hajawahi kununua maelezo yake.

Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa mtihani halisi wa Kiingereza mwaka ule, na wale wawili walifaulu.

Sasa msiseme basi, tutaliosha ua. Petali ikilowa hailaziki vizuri, na kuosha hakuondoi dawa yote. Utaratibu wa klabu ni huu: unauliza limepulizwa lini na kwa nini. Asiyejua, au aliyepuliza juzi, unamshukuru na unaenda bustani nyingine. Ukimaliza kuchuma unanawa kwa sabuni kabla ya kugusa mdomo au macho, na hulambi kidole kufunua gazeti. Nimewaona mnalamba, msicheke.

Lipo jingine. Mmea wenyewe unaweza kuwa na sumu bila dawa yoyote. Mnyaa mnaujua, ule wa vijiti vya kijani unaopandwa kuwa ua wa nyumba. (Lugha yetu hii, ua la kunusa na ua wa kuzungushia nyumba ni neno moja, na ukichanganya unaweza kupofuka.) Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya, mtu anaweza asione kwa siku kadhaa. Mvulana mmoja wa klabu alivunja kijiti ili apite, akafikicha jicho. Tulimmwagia maji safi taratibu kwa zaidi ya robo saa, analia, sisi tunamwaga tu, halafu hospitali. Alipona. Kumbukeni maji mengi, kwa muda mrefu, na siyo maziwa ya mama wala dawa ya macho ya jirani.

Oleanda, ile ya maua ya waridi au meupe, na ile ndugu yake ya maua ya njano, zinaathiri mapigo ya moyo zikiliwa, na mbegu za ile ya njano ni hatari hasa. Ua kubwa jeupe linaloning'inia kama tarumbeta, ambalo kwenye baridi yetu hii linastawi sana, ni jamaa ya mnanaha. Majimaji yake yakigusa jicho mboni inatanuka, huoni vizuri. Na kwa sababu sisi sote hapa ni vijana nitasema wazi: wapo wanaowadanganya wenzao kwamba mnanaha "unapandisha stimu". Unachopandisha ni homa na wazimu, na wengine hawarudi. Kwa picha zetu mimea hii tumeiacha kabisa. Hatukosi maua.

Pia kuna ua tusilochuma kwa sababu nyingine. Milima yetu hii ya Usambara ndiko lilikotoka lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo Ulaya na Marekani wanaliweka madirishani kwenye vyungu. Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mnamo mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo, Saintpaulia. Huko duniani yapo mengi sana, na huku msituni kwetu yanapungua kwa sababu misitu inakatwa. Ukilikuta kwenye mwamba, lichore kwa penseli, liache hapo.

Hili linalofuata ni fupi lakini msikilize, wasichana na wavulana pia. Mnakwenda kwenye majumba ya watu. Nendeni watatu au zaidi, mchana, mwalimu akijua mko wapi. Mtu akisema "maua nakupa, ila rudi kesho peke yako", hayo siyo maua tena. Ondoka, na mwambie mtu mzima unayemwamini. Namba 116 ya simu ya mtoto ni ya bure. Ukishachukua ua la mtu huna deni naye zaidi ya asante na jina lake nyuma ya picha.

Nimalizie na kijana mmoja wa kidato cha pili. Yeye hakwenda kuomba kwa mtu. Mama yake alikuwa amefariki miezi michache kabla, na bustani ya mama nyumbani ilikuwa inamezwa na majani, maana baba alikuwa hataki hata kupita upande ule. Akachuma maua ya mwisho aliyoyakuta, akayalaza kwenye gazeti, akayaweka chini ya kitanda bwenini. Ilikuwa masika. Hakubadilisha magazeti. Alipofungua, kila kitu kimeota ukungu, kimenata, kinanuka.

Alilia mbele ya klabu nzima. Mmoja akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata. Mimi nilikuwepo na, niseme kweli, pamoja na shahada yangu sikujua la kusema. Aliyejua ni msichana wa kidato cha nne, ambaye naye ni yatima. Alimwuliza tu, "Lilikuwa ua gani?" Kijana akaanza kueleza ua, akaishia kumweleza mama. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mazishi. Matroni aliniambia kwamba kabla ya hapo alikuwa halali, chakula anakirudisha, darasani anasinzia, na watu walidhani ni mvivu.

Sisemi maua yanatibu msiba. Mtu akikosa usingizi kwa wiki, akiacha kula, au akisema afadhali naye afe, msimwachie gundi na magazeti. Kaeni naye, mwiteni mwalimu au matroni, apelekwe kwenye huduma ya afya siku hiyo hiyo. Huyu alipata mtu wa kuzungumza naye pale hospitali ya wilaya, alikwenda mara kadhaa. Huku nyuma wenzake watatu walikwenda naye nyumbani wakati wa likizo, wakapalilia. Baba alikaa mlangoni siku ya kwanza. Siku ya pili alileta jembe.

Mvua za vuli zilipokwisha kulikuwa na maua mapya. Picha ile ipo pale ukutani, ya pili kutoka kushoto. Nyuma ameandika jina la mama yake, mahali pa mtunza bustani.

Haya. Wanaotaka kujiunga walete magazeti ya zamani na sabuni. Mzee amesema alipuliza Jumanne, kwa dawa ile yenye lebo, na sasa ana glavu. Tumehesabu naye siku, kwa hiyo kwake ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne, siyo kabla. Maswali?